Mkwaruzo Uliokusudiwa: Pedali ya Fazi, Utando wa Buibui na Gitaa la Dansi katika Ukanda wa Kilosa na Mikumi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna pedali ya fazi inavyofanya kazi, na yanahoji kwa nini kifaa hiki, ambacho kwa wengi ndicho alama ya gitaa la roki, hakikushika mizizi katika muziki wa dansi wa Morogoro. Jibu lililozoeleka ni uhaba wa vifaa. Makala yanadai kuwa jibu hilo halitoshi: sababu kubwa zaidi imo ndani ya mpangilio wa magitaa wenyewe. Aidha, yanaonesha kuwa sikio la ukanda huu lilikwishaujua mkwaruzo kupitia ala za asili kabla ya fazi kubuniwa, jambo lenye athari kwa namna tunavyohifadhi na kuhakiki kanda za zamani.

1. Utangulizi

Tasnifu nyingi za Kiswahili zinazoshughulikia muziki wa dansi huuchukulia wimbo kana kwamba ni shairi. Mtahiniwa huchambua dhamira, tamathali na muktadha wa kijamii, na gitaa hupewa aya moja katika usuli. Kwa sababu hiyo Mbaraka Mwinshehe huingia katika maktaba zetu akiwa mtunzi wa maneno, ilhali waliomfuata ukumbini walifuata pia vidole vyake. Pengo hili si la bahati mbaya. Idara za Kiswahili zina istilahi za kutosha kuhusu vina na mizani, bali zina chache mno kuhusu rangi ya sauti. Makala haya yanajaribu kuziba sehemu ndogo ya pengo hilo.

Kilosa na Mikumi zimeteuliwa kwa sababu ya mahali zilipo. Kilosa ni mji wa reli ya kati, uliozungukwa na mashamba ya mkonge ya upande wa Kimamba, na magharibi yake unapakana na nchi ya Wagogo. Mikumi iko kwenye barabara kuu iendayo Zambia, nchi ambayo katika miaka ya 1970 ilizaa muziki wa roki uliojaa fazi kuliko sehemu nyingine yoyote ya jirani. Miji yote miwili imo katika mkoa ambao makao yake makuu yalilea bendi mbili kubwa, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz. Ikiwa palikuwa na mahali ambapo ilimba ya Kigogo, gitaa la dansi na roki ya Zambia zingeweza kukutana, ni hapa.

Istilahi tatu zinahitaji kutenganishwa. Mkwaruzo ni hali yoyote ya sauti kupoteza ulaini wake. Fazi ni mkwaruzo unaotengenezwa na saketi maalumu, kwa kawaida ndani ya kijisanduku kinachobonyezwa kwa mguu. Mvumo ni ule mlio wa pembeni unaoambatana na sauti kuu, kama wa nyuki. Ni sadfa ya kupendeza kwamba Mikumi imepata jina kutokana na mti wa mkumi, na kwamba Kiswahili sanifu kinauita mti huohuo mvumo.

2. Fazi hufanya nini

Wimbi la umeme litokalo kwenye gitaa hupanda na kushuka kwa ulaini. Amplifaya iliyotulia hulikuza wimbi hilo bila kubadili umbo lake. Fazi hulikuza kupita uwezo wa transista kulibeba, hivyo vilele na mabonde yake hukatwa na kubaki tambarare. Wimbi lililokatwa hivyo hubeba juu ya sauti ya msingi sauti tanzu nyingi, yaani masafa yaliyo mara mbili, tatu, nne au tano ya masafa ya msingi. Ukataji ulio sawa juu na chini hutoa zaidi tanzu za namba witiri, na ukataji ulioelemea upande mmoja huongeza tanzu za shufwa. Tofauti hii ndiyo humfanya msikilizaji aseme fazi moja ni kali na nyingine ni nene, hata kama hajui sababu.

Matokeo ya pili ni ya muda. Kwa kuwa kilele kimekatwa, nota iliyopigwa kwa nguvu na iliyopigwa kwa upole hutoka kwa ukubwa unaokaribiana. Nota hudumu muda mrefu bila kufifia, kisha hukatika ghafla wimbi linaposhuka chini ya kiwango kinachoiamsha transista. Mpigaji hupata urefu wa sauti kama wa saksafoni, bali hupoteza uwezo wa kutofautisha mguso mzito na mwepesi.

Kifaa hiki kilizaliwa kutokana na hitilafu. Katika kurekodi wimbo wa Marty Robbins uitwao Don't Worry, uliotoka mwaka 1961, mkondo mmoja wa meza ya kuchanganyia sauti huko Nashville uliharibika, na gitaa la besi lililopigwa na Grady Martin likatoka limekwaruzika. Fundi mitambo Glen Snoddy hakuifuta sehemu hiyo. Baadaye alishiriki kubuni saketi ya kuiga hitilafu ile, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, ikiwa na transista tatu za jerimaniumu na betri mbili za volti 1.5. Wanunuzi walikuwa wachache hadi mwaka 1965, Rolling Stones walipoitumia katika Satisfaction. Tone Bender ilitoka London mwaka huohuo, Fuzz Face mwaka 1966, na Big Muff ya New York ikafuata mwishoni mwa muongo.

Fuzz Face inastahili kuangaliwa kwa karibu kwa sababu ya usahili wake. Ina transista mbili, vipinga vichache na vidhibiti viwili. Ukinzani wake wa kuingilia ni mdogo, kiasi kwamba hulielemea gitaa lililochomekwa humo. Mpigaji akipunguza kidogo sauti kwenye gitaa lenyewe, mkwaruzo hulainika hadi kukaribia sauti safi. Jimi Hendrix alilitumia sana jambo hili. Ndiyo maana Fuzz Face hutakiwa kuwa ya kwanza katika mnyororo wa pedali: ikiwekewa mbele yake kifaa kinachotoa mawimbi yenye nguvu, uhusiano kati ya mkono wa mpigaji na transista hukatika, na sauti huwa nyembamba na kali isivyopendeza.

3. Utando wa buibui

Ilimba ya Wagogo ina tundu kwenye ubao wake, na tundu hilo huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Mpigaji anapobofya vijiti vya chuma, hewa iliyo ndani ya kisanduku husukuma utando, nao hutetema na kutoa mvumo. Mara nyingi huongezwa pia pete za chuma zinazolia pamoja na vijiti. Mtu aliyezoea piano hudhani chombo kimeharibika. Mgogo huona kimeharibika pale utando unapochanika na mvumo kupotea, naye hutafuta utando mwingine.

Kifizikia, utando na fazi ni ndugu ila si pacha. Vyote viwili huongeza masafa ya juu ambayo hayamo katika chanzo, na vyote vina kizingiti: mguso dhaifu hauviamshi, mguso wenye nguvu huviamsha. Hata hivyo fazi hulipitisha wimbi lote katika ukataji, ilhali utando husimama kando ya sauti kuu na kuiongezea kivuli. Ilimba inaweza kupiga sauti mbili kwa pamoja na bado kila moja ikasikika wazi, kwa kuwa mvumo hauzivunji. Jambo hili litakuwa na uzito katika sehemu inayofuata.

Ulinganisho huu si wa kulazimisha. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks alichana karatasi ya spika yake ili kupata mkwaruzo wa You Really Got Me; alichotengeneza ni utando unaovuma. Kule Kinshasa, kundi la Konono Nº1 lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi liliunganisha likembe na vinasasauti vilivyoundwa kwa sumaku za mabaki ya magari, na mkwaruzo uliotokana na amplifaya zilizozidiwa ukawa sehemu ya sauti yao, hadi albamu ya Congotronics ya mwaka 2004 ilipowafikisha kwa wasikilizaji wa roki duniani. Hapa kwetu, Hukwe Zawose alirekodi albamu ya Assembly, iliyotoka mwaka 2002, pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada aliyebuni gitaa lenye uwezo wa kushikilia nota bila kikomo. Katika kazi ile ilimba na gitaa la umeme hukaa chumba kimoja bila kugombana.

4. Kwa nini gitaa la Morogoro lilibaki safi

Hoja ya uhaba ina ukweli wake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, na bendi zilitunza nyaya za gitaa kama dawa. Tena, katika bendi nyingi vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi: chama, shirika la umma au mfanyabiashara. Pedali ni kifaa cha mtu binafsi, chenye kuendana na mguu na mazoea yake. Asiyemiliki gitaa hana sababu kubwa ya kujinunulia pedali.

Lakini fazi si kifaa cha gharama. Haihitaji umeme wa gridi, kwani saketi ya Fuzz Face hutumia mkondo mdogo sana na betri moja ya volti 9 huiendesha kwa muda mrefu. Transista za jerimaniumu, za aina kama OC71 na AC128, zilikuwa ndani ya redio nyingi za miaka ya 1960. Fundi redio yeyote wa Kilosa aliyekuwa na redio mbovu mbili na chuma cha kulehemu alikuwa na karibu kila kitu kilichohitajika. Wapigaji waliokuwa na amplifaya, jenereta na gari la kuwazungusha wilayani hawakushindwa kupata fazi kwa sababu ya transista mbili. Tena Morogoro Jazz walisafiri hadi Japani katika maonesho ya Expo 70 huko Osaka. Hawakuwa watu wasioona vifaa vya dunia. Inaelekea zaidi kwamba hawakuihitaji.

Sababu imo katika hesabu ya sauti. Fazi inapopokea nota mbili kwa pamoja, haizikwaruzi kila moja peke yake, bali huzalisha nota mpya ambazo ni jumla na tofauti za masafa yake. Tuchukue nota ya A ya hezi 440 na E iliyo juu yake, takriban hezi 659.3 katika gitaa lililotuniwa kawaida. Tofauti yake ni hezi 219.3, nayo inakaribia mno A ya chini, hezi 220. Nota iliyozaliwa inaafikiana na wazazi wake. Ndiyo siri ya roki kupenda nafasi ya tano. Sasa tuchukue A hiyohiyo na C-kali, takriban hezi 554.4, yaani nafasi ya tatu. Tofauti ni hezi 114.4, ambayo si A ya hezi 110 wala si nota jirani yake. Sikio husikia matope.

Gitaa la dansi la Tanzania limejengwa juu ya nafasi za tatu na za sita. Solo hupanda na kushuka kwa nota mbilimbili zinazoongozana, na chini yake gitaa la pili na la ridhimu hujibizana kwa vipande vifupi vinavyopishana, kila kimoja kikiingia katika upenyo ulioachwa na mwenzake. Muundo huu unategemea mambo mawili: nota mbili zisikike kama mbili, na kila nota iishe haraka ili mwenzake apate nafasi. Fazi huharibu yote mawili. Ni muziki ambao usafi wa gitaa ndani yake ni sharti la sarufi, kama vile upatanisho wa ngeli katika sentensi.

Zambia inathibitisha hoja hii kwa upande wa pili. Bendi kama WITCH, Amanaz na Ngozi Family ya Paul Ngozi zilitumia magitaa machache, besi na ngoma za kizungu. Katika kundi dogo la namna hiyo kuna nafasi tupu kubwa katikati ya besi na sauti ya mwimbaji, na fazi huijaza. Bendi ya Morogoro iliyokuwa na magitaa matatu, besi, tumba na saksafoni haikuwa na nafasi hiyo. Kazi ya kurefusha sauti na kuipa ukali ilikwishashikwa na saksafoni. Malori yalipita Mikumi kwenda na kurudi kutoka Zambia, bali mtindo hauhami kwa sababu tu barabara ipo. Bendi za Tanzania zilizosogea karibu na roki, kama Sunburst ambayo albamu yake ya Ave Africa ilitolewa Zambia mwaka 1976, zilikuwa za vijana wa Dar es Salaam na zilikuwa na mpangilio tofauti wa vyombo.

Inafuata kwamba msikilizaji wa Kilosa hakuukataa mkwaruzo wenyewe. Aliyeupenda mvumo wa ilimba hakuwa na chuki na sauti chafu. Kilichokataliwa ni mkwaruzo unaovunja mazungumzo ya magitaa. Utando wa buibui hauyavunji.

5. Kufunga pedali katika joto la Kilosa

Sehemu hii ni fupi na ya kiutendaji, kwa ajili ya watafiti watakaotaka kujaribu ulinganisho huu kwa vyombo halisi.

Jerimaniumu huathiriwa sana na joto. Mkondo unaovuja ndani ya transista yake huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Kifaa kilichorekebishwa kwenye nyuzi 20 kikiletwa katika alasiri ya Kilosa yenye nyuzi 35, uvujaji hukaribia mara tatu. Kikiachwa juani jukwaani kikafika nyuzi 50, huwa mara nane. Transista hutoka katika hali iliyopangiwa, na nota hukatika kabla haijaisha, kana kwamba betri imekwisha. Wengi hubadilisha betri bila mafanikio, kumbe tiba ni kivuli. Anayepiga mchana nje atafute fazi ya silikoni, ingawa sauti yake ni kavu zaidi, au aweke kipinga cha kurekebishwa ndani ya kisanduku.

Tahadhari nyingine ni ya umeme. Fazi nyingi za jerimaniumu za muundo wa zamani zimeunganisha upande chanya wa betri na ardhi, kinyume cha pedali za kisasa. Zikiunganishwa kwenye adapta moja, mikondo hugongana na adapta inaweza kuungua. Fazi na ibaki na betri yake. Ama mpangilio, fazi huanza, pedali ya wawa hufuata, kisha mwangwi mwishoni. Mwangwi ukitangulia, marudio yake hukatwa na fazi na kuwa tope moja na nota mpya. Wapo wanaotanguliza wawa, na matokeo huweza kuvutia, lakini pedali hizo mbili mara nyingi hugombana kwa sababu ya ule ukinzani mdogo uliotajwa.

6. Kuutambua mkwaruzo katika kanda

Suala lenye uzito zaidi ni la hifadhi. Kanda za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, pamoja na rekodi za watafiti kama Hugh Tracey, aliyerekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950, zinahamishwa au zinastahili kuhamishwa katika mfumo wa dijitali. Programu za kusafisha sauti hutafuta mlio wa masafa ya juu usio na mpangilio na kuufuta. Mvumo wa utando wa buibui una sifa hizohizo. Programu haijui kuwa mtengenezaji wa ilimba aliuweka kwa makusudi, na mtahini asiyejua hatauona umepotea.

Mhakiki anaweza kutofautisha vyanzo vinne kwa kusikiliza tu. Mkwaruzo wa kanda iliyojazwa kupita kiasi huvipata vyombo vyote kwa wakati mmoja, pamoja na sauti ya mwimbaji. Wa amplifaya iliyozidiwa hulipata gitaa peke yake na hutegemea nguvu ya mguso: nota za upole hubaki safi. Wa fazi haujali mguso, hudumu kwa ukubwa uleule na kukatika ghafla. Mvumo wa utando huja na kuondoka pamoja na nota, ni mkubwa katika baadhi ya vijiti kuliko vingine, na sauti kuu husikika wazi nyuma yake. Spika iliyochanika ndiyo humdanganya msikilizaji kuliko vyote, kwa kuwa nayo ni utando: huvuma katika nota fulani fulani tu. Hapo hapana budi kulinganisha rekodi mbili za chombo kimoja. Mvumo ukibaki katika nota zilezile ilhali spika na mitambo ni tofauti, chanzo kimo ndani ya ala.

Kwa msingi huo inapendekezwa kwamba tasnifu yoyote inayotumia rekodi zilizosafishwa iambatishe nakala ghafi, na sura ya mbinu za utafiti itaje ni masafa gani yaliondolewa na nani aliamua yaondolewe.